Kiwanda Kilichofanya Kazi Kwenye Karatasi

Tulimzika Bwana Gosbert mwezi uliopita, kwenye kibanja chake cha Kitendaguro, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe baada ya kustaafu. Wazungumzaji walikuwa wengi. Mwenyekiti wa kwaya alieleza jinsi sauti yake nzito ilivyobeba nyimbo za Pasaka, na jirani mmoja alieleza habari ya mikungu aliyokuwa akiwagawia watu bila kuombwa. Nilipoitwa mimi, kwa niaba ya waliofanya kazi naye, nilisimama na miwani mkononi, nikasema kwamba marehemu alikuwa mtu mwaminifu, nikaketi. Watu wakatikisa vichwa kwa adabu, maana neno hilo husemwa kwenye kila msiba. Wakati wa kuaga, mjane wake, Ma Anatolia, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo, alinishika kiwiko na kunivuta karibu. "Ungewaeleza, Adventina," aliniambia. Nikamjibu kuwa pale hapakuwa mahali pake. "Basi waeleze mahali pengine. Mimi nimekuruhusu." Kwa ruhusa hiyo naandika habari za mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka nilioishi nyumbani kwao Bilele, mjini Bukoba, na nikajifunza kazi niliyoifanya hadi nilipozeeka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipata mkataba wa mwaka mmoja wa kuwa mdadisi wa viwanda katika ofisi ya takwimu Bukoba. Mdadisi ni mtu anayepita na fomu, anauliza, anaandika anachojibiwa. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vyenye makabati ya chuma, na karatasi zake zilikuwa laini kama kitambaa kwa unyevu wa ziwa. Bwana Gosbert ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa mwembamba, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu, na namba saba yake daima ilikuwa na kistari katikati. Aliposikia kuwa sina pa kukaa mjini, alimwambia mke wake, na jioni hiyohiyo Ma Anatolia akanionyesha chumba cha nyuma. Kilikuwa na kitanda cha mbao, dirisha dogo lililotazama jiko la nje, na kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na mistari ya penseli inayopanda juu, kila mmoja na mwaka wake pembeni. Nilijua ni kimo cha mtoto. Mistari ilikoma usawa wa kifua changu. Sikuuliza, na Ma Anatolia, aliyeniona nikitazama, alisema tu, "Ni chumba cha Editha," akaniwekea shuka safi kitandani.

Chakula cha nyumba ile bado nakikumbuka ulimini. Ndizi zilipikwa na maharage mpaka mchuzi ukawa mzito, zikapakuliwa juu ya jani la mgomba, na wakati wa senene, wale panzi wa msimu wa mvua, Ma Anatolia aliwakaanga kwa kitunguu, akatufukuza jikoni tusiwamalize kabla hawajafika mezani. Mezani ndipo nilipofundishwa kazi. Siku ya kwanza nilikiri kwamba sielewi maana ya mchango wa viwanda katika pato la taifa, ingawa nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye usaili. Bwana Gosbert akachukua ndizi mbivu akaiweka mbele yangu, kisha akasogeza kikombe cha lubisi, ile pombe ya ndizi. "Hii ndizi ni ya nani?" akauliza. Nikasema ni ya mkulima. "Sawa. Mkulima ameshahesabiwa kwenye kilimo. Sasa mtu akiinunua, akaikamua, akapata lubisi, thamani ya lubisi ni kubwa kuliko ya ndizi. Toa ya ndizi, toa na kuni alizoivishia. Kinachobaki ndicho alichoongeza yeye kwa mikono yake. Hicho tu ndicho mchango wake. Ukihesabu lubisi lote, umemhesabu mkulima mara mbili." Ma Anatolia akasema, "Na aliyeosha vikombe anahesabiwa wapi?" Bwana Gosbert akakubali kwamba huyo hahesabiwi popote. "Basi hesabu zenu zina tundu," mama akasema, akaondoa vikombe.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba mwaka mmoja peke yake hauelezi kitu. Lazima urudi kwenye kiwanda kilekile, uulize maswali yaleyale, mwaka baada ya mwaka, na thamani uipime kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, la sivyo bei zikipanda utadhani viwanda vimekua kumbe ni sabuni imepanda bei dukani. Alikuwa na daftari refu la mkoa, kila kiwanda na mstari wake. Kabla ya kulifungua alinawa mikono. Nimefanya kazi na watu wengi baada yake, wenye shahada na kompyuta, na bado ninaposikia mtangazaji akisoma redioni kwamba mchango wa sekta ya viwanda umeongezeka, humwona Bwana Gosbert akijifuta vidole kwa taulo, akigeuza karatasi kwa ncha ya kidole.

Mwezi wa tatu wa mkataba wangu nilitumwa Muleba, kwa agizo la makao makuu kwamba kila kiwanda kifikiwe na mdadisi. Wadadisi walionitangulia walikuwa wamefanya viwanda vya mjini, na vya wilayani alivijaza Bwana Gosbert mwenyewe. Nilipewa fomu mpya na jalada lenye fomu za miaka iliyopita, ili nilinganishe. Kilichonipeleka kilikuwa kiwanda cha sabuni, nje kidogo ya soko, kilichokuwa na wafanyakazi wapatao ishirini, kikiuza miche ya sabuni mpaka visiwani kwa wavuvi. Niliposhuka kwenye basi la Biharamulo nikauliza njia kwa mama aliyekuwa akianika kahawa mbele ya jengo refu la mabati. Alikuwa mrefu, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa nyuma, na alinitazama kwanza viatu.

"Unatafuta nini, mwana wange?"

"Kiwanda cha sabuni, waitu," nikamjibu kwa neno la heshima la Kihaya. " Natoka ofisi ya takwimu, Bukoba."

"Umekiegemea," akasema.

Niligeuka nikatazama. Kupitia mlango ulioachia bawaba moja niliona tangi kubwa limelala ubavu, na ndani yake kuku ametaga. Mama yule aliitwa Jeneroza. Alikuwa msimamizi wa zamu tangu kiwanda kilipofunguliwa, na mwenye mali alipohamia kwa watoto wake alimwachia ufunguo. Alinikaribisha akaniletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, nikatafuna kwa adabu. Nikamuuliza kimelala tangu lini. "Tangu tangi litoboke. Hii ni miaka minne." Nikauliza kama katika miaka hiyo walitengeneza chochote, hata kidogo. "Tungetengenezea kwenye nini? Kwenye kofia?" Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Yeye na wenzake walikuwa wameandika ombi wilayani wasaidiwe kupata tangi lingine. Walingoja, wakajibiwa kwamba kwa mujibu wa taarifa zilizopo kiwanda chao kinazalisha vizuri, na msaada utapelekwa kwa viwanda vilivyoacha kuzalisha. "Tukaulizana," Ma Jeneroza alisema, "ni nani huyo anayetuona tunazalisha, na sisi wenyewe hatujioni?"

Ndani ya basi la kurudi nilifungua jalada. Fomu za miaka mitatu mfululizo zilionyesha miche ya sabuni, mafuta ya mawese yaliyonunuliwa, wafanyakazi, kila kitu, na kila mwaka ongezeko dogo lisiloweza kutia shaka. Zote ziliandikwa kwa kalamu moja. Kila saba ilikuwa na kistari katikati. Nilifunga jalada nikaliweka chini ya mapaja, kana kwamba abiria mwenzangu angeweza kulisoma kupitia gamba. Nilipofika Bilele nilisema kichwa kinaniuma nikaenda chumbani. Nikasimama mlangoni, macho kwenye ile mistari ya penseli, na kwa mara ya kwanza nikausoma mwaka wa mstari wa juu kabisa. Ulikuwa mwaka uleule wa fomu ya kwanza ya uongo.

Nililia, lakini siwezi kusema nililia kwa ajili ya nani. Nilikuwa nakula chakula chao. Nilikuwa nalala kwenye kitanda cha mtoto wao. Ningeweza kujaza fomu ya mwaka wa nne kama zile tatu, nikaongeza kidogo, na hakuna ambaye angejua. Kilichonizuia, nikiri, hakikuwa ushujaa. Nilikuwa nikisikia sauti ya Ma Jeneroza akiuliza ni nani huyo anayetuona. Asubuhi nilifika ofisini kabla ya wote, nikaweka mezani kwake fomu tatu, na ya nne pembeni, niliyoijaza sifuri kutoka juu hadi chini.

Bwana Gosbert alisimama akazitazama bila kuzigusa. "Ulifika mwenyewe?" aliuliza.

"Nilifika, baba."

"Ulimkuta nani?"

"Ma Jeneroza. Anaanika kahawa pale mbele." Nikamweleza habari ya ombi na jibu walilopewa. Sikumweleza habari ya mistari ya mlangoni.

Akaketi. Tukasikia mwenzetu wa chumba cha pili anafika na kufungua dirisha. "Ziache hapo," akasema.

Wiki nzima tulikula tukizungumzia mvua. Ma Anatolia alijua kuna jambo, akaniwekea mchuzi mwingi kuliko kawaida. Jumapili, baada ya misa na chakula, nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la nje, nikawasikia wakizungumza barazani, upande wa pili wa ukuta. Walianza kwa Kihaya, kisha Bwana Gosbert akahamia Kiswahili, kama alivyozoea anapozungumzia kazi.

"Wataninyima safari ya Dar," alisema. Alikuwa ameteuliwa kwenda kuongoza kitengo makao makuu, na Ma Anatolia alikuwa tayari ameshona gauni.

"Waeleze kuhusu Editha," mama akasema. "Waeleze kuwa tulikuwa Mwanza miezi miwili na mtoto wodini, na ofisini hakukuwa na wa kukushikia, na fomu zinadaiwa. Ni nani asiye na moyo?"

"Editha hakujaza fomu."

"Gosbert!"

"Ule mwaka wa kwanza, sawa, nilikuwa sijitambui. Nilichukua ya mwaka uliopita nikaongeza kidogo, nikasema nitakwenda kuhakiki. Na mwaka wa pili je? Wa tatu? Mtoto alikuwa ameshapumzika. Nilikuwa naona haya kushuka Muleba nikute nimeandika uongo. Basi nikawa naandika mwingine ili wa kwanza usionekane. Sitamtanguliza mtoto wangu mbele kama ngao."

Baada ya hapo nilisikia Ma Anatolia akilia, kwa sauti ndogo. Bwana Gosbert akasema, "Yule binti angeweza kunificha. Nashukuru hakunificha." Niliinama nikaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata zamani.

Jumatatu aliniita, akafunga mlango, akaniambia niweke karatasi kwenye taipureta. Ilinibidi mimi niandike kwa vidole vyangu barua ya kumshtaki mtu aliyenilisha. Alisema maneno, nami nikapiga. Alipofika kwenye sentensi ya takwimu za miaka mitatu, nilijaribu kumsaidia. Nikamwambia tunaweza kuandika kwamba alikadiria, maana kukadiria kunaruhusiwa mtu akikosa jibu la kiwanda. Akatikisa kichwa. "Anayekadiria anaweka alama na kusema nimekadiria, na anaeleza kwa njia gani. Mimi sikuweka alama. Andika 'nilibuni.'" Niliandika nilibuni. Alisoma barua mara mbili, akaomba takwimu za mkoa za miaka ile zirekebishwe, akataja ombi la wanawake wa Muleba na jibu walilopewa kwa sababu yake, akatia saini. Nakala moja ilikwenda wilayani.

Wiki hiyohiyo tulikwenda pamoja Muleba. Njiani nilimwomba asijitaje, aseme tu kwamba ofisi ilikosea. Ma Jeneroza alikuwa na wanawake watatu waliowahi kufanya naye kazi, wanachambua kahawa. Bwana Gosbert alivua kofia, akawasalimu mmoja mmoja, akakataa kiti.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba mnazalisha," alisema. "Sikufika. Niliandika nikiwa Bukoba, miaka mitatu. Nimeshaandika barua ya kusahihisha, lakini barua haiwarudishii miaka yenu. Nimekuja kuwaomba msamaha kwa mdomo wangu."

Mmoja wa wale wanawake aliinuka akaondoka. Alikwenda hadi kwenye migomba, akasimama akitupa mgongo, na hakurudi tulipokuwa pale. Ma Jeneroza aliendelea kuchambua kahawa, punje moja moja. Hatimaye akauliza, "Ulikuwa umepatwa na nini, mtu mzima kama wewe?" Nilimtazama Bwana Gosbert, nikitamani aseme. Alijibu, "Nilikuwa na yangu, waitu. Lakini ninyi hamkuhusika nayo." Ma Jeneroza akamkazia macho kwa muda, kisha akasogeza kile kikapu cha kahawa upande wake. Bwana Gosbert alichukua punje mbili.

Makao makuu hawakumfukuza. Walimpa onyo la maandishi, na safari ya Dar akapewa mwingine. Kwenye daftari letu mstari wa viwanda wa mkoa ulishuka miaka mitatu nyuma, na kwa wiki kadhaa simu ya ofisi ililia kwa watu waliotaka kujua imekuwaje Kagera ikarudi chini ghafla. Alijibu zote mwenyewe. Alisema, "Haikurudi chini sasa. Ilikuwa chini, mimi ndiye niliyeificha." Kuna wenzetu waliomwona mjinga. Mmoja aliniambia nimemharibia mzee wa watu, na kwa miezi mingi niliamini hivyo. Ma Anatolia ndiye aliyenitoa kwenye hilo. Siku moja alinikuta nimekaa kitandani, akakaa pembeni yangu, akaniambia kwamba mume wake ameanza tena kulala usingizi. "Miaka hii alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Mimi nilidhani ni msiba. Kumbe msiba ulikuwa na mwenzake." Lile gauni alilivaa Krismasi, hapohapo Bukoba, na lilimpendeza.

Huwa nafikiri, ninapoyapitia maisha yangu, ni wangapi wanaopewa mwalimu wa namna ile wakiwa na miaka ishirini na miwili. Baadaye nilisoma, nikafanya kazi hii miaka mingi, nikakaa kwenye vikao ambavyo mtu mkubwa alitaka asilimia ipande kidogo kabla ya kutangazwa. Sikuwahi kuwa jasiri kwa asili yangu. Ila nilikuwa nimeona kwa macho mtu akipoteza alichokuwa anakitaka, na asubuhi yake akala uji na kuniuliza kama nimelala salama. Baada ya kuona hilo, woga hupungua.

Wilayani walichukua muda, lakini walisoma. Mwishoni mwa mkataba wangu tulipata habari kuwa wanawake wa Muleba wamepewa tangi lililotumika, na mwenye jengo amewaruhusu. Siku yangu ya mwisho ya kazi ya nje Bwana Gosbert akasema twende. Tulisikia harufu ya mawese kabla hatujafika. Mlango ulikuwa na bawaba mbili. Ndani kulikuwa na joto na mvuke, fremu za mbao zimepangwa sakafuni, na yule mama aliyetupa mgongo mara ya kwanza alikuwa anakata miche kwa waya, akatusalimu kwa kichwa bila kuacha kukata. Nikatoa fomu, nikamuuliza Ma Jeneroza maswali kwa mpangilio. Nilipofika kwenye wafanyakazi, akasema, "Saba."

Nikainua kalamu. Orodha yetu ilikuwa ya viwanda vyenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Nikamtazama Bwana Gosbert, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile barua nikamwona akicheka, cheko la kweli, mpaka akashika ukuta. "Wakati hawapo tuliwahesabu," alisema, "na sasa wapo, hawahesabiki."

"Kwa hiyo hatupo?" Ma Jeneroza akauliza, mwiko mkononi.

"Mpo, waitu. Adventina, jaza yote."

Nilijaza yote: mafuta, kostiki ya kugandishia sabuni, kuni, idadi ya miche. Bwana Gosbert akageuza ndoo, akaikalia, akaandika nyuma ya fomu kwamba kiwanda hiki hakimo kwenye orodha kwa sababu ya idadi ya watu, kwamba maofisa wawili wamekiona kikifanya kazi, na kwamba anaomba namna itafutwe ya kuvihesabu vidogo kama hivi. Akatia saini, akanipa nikatia yangu. Ma Jeneroza, aliyekuwa akitazama juu ya bega lake, akafuta mkono kwenye kanga. "Hata mimi nimekiona kikifanya kazi," akasema. Akaipokea kalamu, akaandika jina lake chini ya yetu, herufi moja baada ya nyingine bila haraka, akaturudishia karatasi, akawahi kwenye tangi, maana sabuni ilikuwa tayari kumiminwa.